Mlenda, mafuta ya alizeti na mkono wangu wa kulia

Jumamosi. Upepo umetulia, jua linachoma, na mawingu yamejikusanya upande wa Kiomboi kama watu waliofika msibani bila kujua aliyekufa ni nani. Mvua haitanyesha leo.

Naandika kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja, kwenye simu. Kwa hiyo sentensi zitakuwa fupi. Mhariri wangu anasema miaka yote hii alikuwa akiniomba hivyo.

Mkono wa kulia uko kwenye plasta ngumu, ya pili mwaka huu. Mchana nimepita kwenye mashine ya kukamua alizeti ya Mzee Shija, mtu niliyempeleka mahakamani, nikarudi nyumbani na swali la kisheria. Ngoja niliandike kwa mpangilio, kama habari nyingine yoyote.

Mwezi wa sita nilipeleka alizeti yangu ikakamuliwe. Msimu ulikuwa umepamba moto hapa Misigiri na foleni ya magunia ilifika barabarani. Kati ya mashine na mlango wa mbele kuna mahali wanapojazia madumu. Sakafu pale ilikuwa ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa, na mafuta hayaachi kudondoka. Kawaida yao hutupia mashudu, yale makapi yanayobaki alizeti ikishakamuliwa, ili mtu apate pa kukanyaga. Siku hiyo hakuna aliyetupia. Nikakanyaga mafuta, miguu ikatangulia, mwili ukabaki nyuma. Niliangukia kiganja cha kulia.

Hiyo ndiyo ajali. Kilichoniponza ni kilichofuata.

Mzee Shija ni Msukuma. Mimi ni Mnyiramba. Sisi ni watani, kabila kwa kabila tangu enzi za mababu, na mimi na yeye binafsi tangu alipohamia hapa na mashine yake. Kwa msomaji wa mbali: mtani haombwi radhi wala hakasirikiwi. Anaweza kukusema mbele ya wakwe zako, na kazi yako ni kumjibu kwa jambo kali zaidi. Mzee Shija kanizidi umri wa kutosha kunizaa, lakini sijawahi kumpa shikamoo hata siku moja. Salamu yangu kwake ni, "We mla michembe, hujafa tu?" Michembe ni viazi vitamu vilivyokaushwa, chakula cha kwao. Naye hunijibu, "Nakusubiri utangulie."

Basi nilipoanguka, mashine ilizimwa. Kimya. Mzee Shija akatokea nyuma ya magunia, akanitazama pale chini, akapaza sauti kama dalali wa mnada.

"Jamani, njooni mwone! Mnyiramba aliyelelewa kwa mlenda kashindwa na mafuta! Utelezi umekutana na utelezi!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mimi nimelala, mkono unawaka moto, na mdomo wangu ukajibu kabla sijaushauri.

"Mimi mzima. Kagua sakafu yako kama haijavunjika."

Hiyo ndiyo kauli yangu ya kwanza baada ya ajali, mbele ya kijiji. Nimeandika habari za mahakama sehemu kubwa ya maisha yangu. Najua kauli ya kwanza ya majeruhi ina uzito gani.

Nikainuka. Nikasubiri mafuta yangu. Nikamtukana kidogo wakati wa kuaga, nikaenda nyumbani nikaufunga mkono kwa kanga. Huwezi kumjibu mtani vile, halafu jioni yake urudi kumwambia kumbe umeumia. Nilikwenda hospitali mkono ulipokuwa umeshakuwa kama kiazi. Daktari akauliza kwa nini nimechelewa. Nilimwambia ukweli, kwamba nilikuwa namwonea aibu mtani wangu. Akaandika kitu kwenye faili ambacho sikuweza kukisoma.

Mfupa uliunga vibaya. Plasta ilipotolewa, daktari akasema inabidi uvunjwe upya na kuwekewa chuma, tena kwenye hospitali kubwa. La sivyo sitashika kalamu, wala jembe, wala sufuria yenye maji.

Ninaishi kwa mkono huo.

Kwa hiyo nilitaka mambo mawili kutoka kwa Mzee Shija. Agharamie mkono, na arekebishe ile sakafu. Wanawake hupita pale na dumu kichwani na mtoto mgongoni. Mimi niliangukia kiganja. Mwingine ataangukia mtoto.

Nilianza kwa njia ya kawaida. Nikaenda, nikamwambia nimevunjika mkono mashineni kwake na naomba anitibu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akaita wateja waje wasikie. Nikarudia kwa sauti kavu, ile ninayotumia kusomea taarifa redioni. Ikawa mbaya zaidi. "Hii mpya!" akasema. "Leo Mnyiramba kaniweza!" Akanigonga mkono kwa kidole, akauliza kama mle ndani kuna mfupa au mlenda umegandia.

Nikatafuta wakili. Ni mwanamke kijana, mzaliwa wa Bukoba, ana ofisi Kiomboi. Msomi, makini, hana mtani hata mmoja mkoa huu. Akaandika barua ya madai yenye mhuri na muda wa kujibu. Nilipopita tena mashineni, barua ilikuwa ukutani kwenye fremu ya kioo, kati ya leseni ya biashara na kalenda. Mzee Shija alikuwa akiwasomea wateja, akiweka mkazo kwenye maneno "mteja wangu".

Jibu lake lilifika ofisini kwa wakili siku ya mnada. Lilikuwa kuku.

Kuku mtetea wa kienyeji, mguu mmoja umefungwa kijiti na kitambaa cheupe, shingoni ana karatasi: "Fidia. Huyu naye kavunjika, uguzaneni." Wakili akanipigia simu. Akauliza kama hii ni kukiri deni, kwa sababu kama ni hivyo anaweza kumtoa kuku kama kielelezo. Nikamwambia hapana, ni utani. Kisha akauliza kuku huyu anakula nini.

Mguu wa kuku ulikuwa mzima. Nilimfungua mwenyewe. Anataga mpaka leo nyuma ya ofisi ya wakili.

Nikageukia mashahidi. Mama Zainabu hununua mashudu pale kwa ajili ya ng'ombe zake, na siku ile alikuwa amesimama karibu kabisa na nilipoangukia. Alifurahi kuombwa.

"Dada, uliruka! Mguu mmoja Iguguno, mwingine Shelui!"

Nikamuuliza sakafu ilikuwaje. Akasema hakuiangalia sakafu, aliniangalia mimi, na hajutii. Nikamuuliza kama atasema mbele ya hakimu kwamba palikuwa na mafuta.

"Nitasema. Ila nikimwona Mzee Shija nitacheka. Nakuambia mapema usije ukanilaumu."

Sokoni watu walikuwa wakinipongeza. Mzee mmoja nisiyemfahamu alinishika mkono ule mzima akasema tangu azaliwe hajaona utani uliofika mpaka kwa wakili, na kwamba vijana wa siku hizi hawana bidii hiyo. Nilimwambia ni kesi ya kweli. Akanikonyeza.

Nilianza kujiuliza kama nami nacheza bila kujijua.

Kesi ikafunguliwa mahakama ya wilaya, na wito ukamfikia. Utetezi wake aliutunga mwenyewe, akachapiwa kwenye steshenari. Kama mwandishi nausifu: mfupi, unaeleweka, hauna neno la ziada. Aya ya kwanza ilikana kwamba sakafu inateleza. Ya pili ilisema mdai ni Mnyiramba, amekula mlenda tangu alipoachishwa ziwa, kwa hiyo utelezi alikuja nao mwenyewe. Ya tatu ilidai fidia kwa niaba ya sakafu. Karani aliyeupokea ni Mnyiramba mwenzangu. Nasikia aligonga mhuri huku akifuta machozi.

Wakili aliusoma mara mbili, akaniuliza kama kuna ushahidi wowote wa kitabibu kuhusu mlenda.

Nilicheka. Nakiri hapa kwamba nilicheka mbele ya wakili wangu, kwenye kesi yangu mwenyewe, mpaka kalamu ikanidondoka. Nikainama kuiokota kwa mkono wa kulia. Vidole viliigusa, vikakataa kufunga. Nikajaribu tena. Wakili akainama, akaiokota yeye, akaiweka mezani.

Hatukucheka tena siku hiyo.

Kesi za madai hupelekwa kwanza kwenye usuluhishi. Tulikaa kwenye chumba kidogo chenye meza moja na viti vya plastiki. Msuluhishi alikuwa mama wa makamo, mgeni wa mkoa, mwenye utaratibu wake: kabla ya neno lolote, wahusika wasalimiane.

"Humu ndani hakuna adui," akasema. "Salimianeni kama watu waliolelewa."

Mzee Shija alikuja amejiandaa. Alivaa koti la harusini, na mbele yake mezani aliweka mfuko wa mlenda mkavu, nadhani kama kielelezo. Alikuwa ameshaanza kutabasamu. Mimi ndiye wa kuanza, kwa kuwa mdogo, na sentensi nilikuwa nayo tayari. Ilikuwa ya michembe. Nilikuwa nimeinoa njia nzima.

Mkono ukanichoma. Ulikuwa ukinichoma tangu asubuhi, lakini pale ulichoma hadi begani, na sentensi yangu ikapotea. Nikabaki na ile iliyolala chini ya sentensi zote, ile mama aliyotufundisha kabla hatujajua kuhesabu.

"Shikamoo, Mzee Shija."

Akacheka. Kisha akasubiri mkia wa ile salamu. Kila mtani anaujua mchezo huo: unapaka maji ya heshima kwanza ili wembe upite vizuri. Akasubiri, uso umekaa tayari kupokea. Mimi sikuwa na mkia.

Nimewaona watu wengi wakisomewa hukumu. Sijaona uso ukishuka vile.

"Marahaba," akasema, kwa sauti ndogo. Halafu: "Kwani nimekukosea nini?"

"Mkono, mzee. Ulivunjika siku ile."

"Siku ile ulisema mzima."

"Nilimwambia mtani."

Akautazama mkono. Safari hii hakuugonga. Akauliza kama unauma, nikasema ndiyo. Akauliza kama unaandika, nikasema hapana. Akavua kofia, akaiweka mezani, ikafunika ule mfuko wa mlenda.

"Eliza," akasema. Sikuwahi kumsikia akilitaja jina langu. "Mbona hukuniambia?"

Wakili wangu akafungua mdomo ili aorodheshe barua, wito na hati ya madai. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Kesi iliisha kabla chai haijaletwa. Mzee Shija atalipia mkono mpaka upone. Sakafu itabomolewa na kuwekwa saruji mpya isiyosuguliwa. Mashudu yatupiwe kila dumu linapojazwa. Na mlangoni kiwekwe kibao cha tahadhari, chenye maandishi makubwa yanayosomeka kwa urahisi. Hicho cha kibao alikiongeza wakili wangu, na alijivunia. Mzee Shija alitia saini bila kusoma, akanipa mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia haukushikika, akatoka. Mfuko wake aliusahau. Msuluhishi akauliza mlenda ule ni kielelezo cha upande gani.

Nilishinda. Alilipia kila kitu bila kukumbushwa. Nilipasuliwa, chuma kimo ndani, na vidole vinajikunja. Daktari anasema nitaandika. Nashukuru, na siongezi neno.

Ila nilipokuwa wodini, Mzee Shija alikuja kuniona.

Alileta machungwa. Akakaa pembeni ya kitanda, magoti pamoja, kofia mapajani.

"Unaendeleaje, mwandishi?"

"Vizuri, mzee."

"Mungu ni mwema."

"Ni mwema, mzee."

Tukatazama ukuta. Kwenye kitanda cha pili alilala bibi mmoja wa Ndago, Mnyiramba, ambaye alimtambua mtani mara tu alipofungua mdomo. "We Msukuma," akamwambia, "hao ng'ombe umewafunga wapi? Wasije wakala mashuka."

Mzee Shija akageuka, akainamisha kichwa. "Asante, mama," akasema.

Asante! Bibi alinitazama kana kwamba nimeleta maiti wodini.

Mama yangu aliposikia, hakuuliza habari za mkono. Alisema nimemuua mtani wangu kwa shikamoo moja. Kwetu ukifa, mtani ndiye anayekuja kuruka kaburini, akajilaza humo na kugoma kutoka mpaka apewe chake, na waombolezaji wakacheka wakapata nguvu ya kuendelea kulia. "Sasa siku yako nani atalala kaburini kwako?" akauliza mama. "Wakili?"

Nimefanya mahojiano na mawaziri. Swali kali kama hilo sijawahi kuwauliza.

Basi leo nikaenda mashineni. Nilijiambia ni ukaguzi, kuona kama hati ya suluhu inatekelezwa. Niliingia kwa mlango wa nyuma, ule wa magunia, kwa sababu ule wa mbele mwili wangu bado unaukumbuka. Msimu umekwisha na mashine ilikuwa imezimwa. Sakafu mpya ina mikwaruzo mizuri, kuku angeweza kuchakura. Ndoo ya mashudu ipo mahali pake. Ukutani, kati ya leseni na kalenda, barua haipo. Msumari tu.

Mzee Shija alikuwa akishona magunia. Akasimama.

"Karibu, mwandishi."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leteni kiti."

Akaleta mwenyewe, kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Akakipangusa. Nikakaa. Akauliza mkono, nikasema unaendelea. Nikauliza alizeti, akasema bei si mbaya. Nilikuwa nimewahi kukaa hivi mara moja tu, kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya, nikisubiri taarifa ambayo haikutolewa. Nikasema acha niende. Akasema asante kwa kufika.

Nikatoka kwa mlango wa mbele. Nilikanyaga kwa uangalifu, nikafika nje salama, na ndipo nikakumbuka kibao. Nikageuka nikisome.

Kipo juu ya mlango, rangi nyekundu kwenye bati jeupe. Maandishi makubwa. Yanasomeka kwa urahisi, kama hati inavyotaka.

TAHADHARI
SAKAFU INA MAFUTA
TEMBEA POLEPOLE
WANYIRAMBA PITENI KWA MAGOTI

Nikasoma tena. Rangi ya mstari wa mwisho ilikuwa mbichi kuliko ya mitatu ya juu.

Nikatazama ndani. Mzee Shija alikuwa amesimama nyuma ya gunia lake, sindano mkononi. Hakuwa akicheka. Alikuwa akinisubiri, uso umekaa tayari, na kwa mara ya pili mwaka huu nilimwona anaogopa.

Nikajaza kifua hewa.

"We mla michembe, hujafa tu?"

Sindano ilimponyoka. Akaegemea magunia kama mtu aliyetuliwa mzigo mgongoni.

"Nakusubiri utangulie!" akapiga kelele, mpaka Mama Zainabu akachungulia kutoka ng'ambo ya barabara. "Nije nilale kaburini kwako! Na sitoki kwa kuku mmoja, Mnyiramba, nataka mbuzi!"

Nilimwambia kaburi langu halitamtosha kwa tumbo lile. Akaniambia nisijali, kutakuwa na utelezi wa kutosha, ataingia tu.

Nimefika nyumbani, nimempigia wakili. Nimemsomea kibao kizima, neno kwa neno. Kuku alisikika nyuma yake. Kisha akasema mstari wa nne haumo kwenye hati ya suluhu na kwa maoni yake tunaweza kuulalamikia. Akauliza kama nataka aandike barua.

Nimemwambia aandike. Iwe ndefu, iwe kali, na mhuri uwe mkubwa kuliko ule wa kwanza. Jumatatu nitaipeleka mwenyewe, kwa mlango wa mbele.

Msumari bado upo.